Siku Mbili Hotelini na Mwalimu wa UPE

Niliombwa maneno mia nne tu. Jamaa niliyesoma naye sekondari, sasa ni meneja wa hoteli mjini Musoma, alikuwa anatengeneza tovuti mpya na alitaka ukurasa mmoja wenye mambo mawili: huduma za hoteli, halafu "historia na vivutio vya mji wetu". Malipo laki mbili, nusu kabla ya kazi na nusu baada, pamoja na siku mbili za kulala na kula bure kwa watu wawili. "Njoo na shemeji," akaniambia. Shemeji yake huyo bado hajapatikana. Nikamchukua Mama.

Orodha ya huduma alinitumia kwa simu kabla sijaondoka Mwanza: vyumba vyenye kiyoyozi na runinga, intaneti ya bure, maji ya moto, mgahawa wa vyakula vya kienyeji na vya kigeni, ukumbi wa mikutano, maegesho, jenereta, ulinzi masaa 24, mandhari ya ziwa. Ukiondoa hilo ziwa, orodha hiyo unaweza kuipachika kwenye hoteli yoyote ya Dodoma au Mbeya na hakuna atakayeshtuka. Sikujali. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kumi na moja, na nusu ya niliyoandika inaanza na "imeelezwa kuwa". Maneno yasiyo na mwenyewe ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba.

Mama nilimpitia Bunda. Amestaafu tangu 2020, anaishi kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa mikopo ya walimu, na kuku wake wana majina. Nilimkuta stendi amevaa kitenge kipya, kikapu mkononi, ndani ya kikapu taulo, sabuni ya kipande, ndala na chupa ya chai.

"Mama, hotelini hivyo vyote vipo."

"Vipo vyao," akajibu, akapanda basi.

Toka Bunda hadi Musoma ni kama saa moja na ushee. Njiani nilimweleza kazi niliyopewa. Akauliza kama ni habari au ni tangazo. Nikamwambia ni kama zote mbili. Akatazama dirishani mpaka Makutano.

Mama amelala gesti nyingi maishani, za semina na za kusimamia mitihani, ila hoteli ya mlango wa kadi ilikuwa mara ya kwanza. Alikikagua chumba kama mkaguzi wa shule. Alifungua kabati akanusa. Alifungua bomba la maji ya moto akaangalia saa yake: dakika nne ndipo yakaja. Chandarua kilikuwa na tundu moja. Akatoa sindano na uzi kwenye kikapu (sikujua kama vimo) akaliziba. Kiyoyozi alikizima, akafungua dirisha, na upepo wa ziwa ukaingia na kelele zote za ndege na harufu ya dagaa wanaoanikwa sehemu fulani ambayo tovuti haitaitaja. Kutoka pale dirishani unaona kwa nini watu husema jina la Musoma lilitokana na omusoma, neno la wenyeji kwa nchi kavu iliyochomoza kuingia majini. Huku maji, kule maji, na mawe makubwa yamepandiana kama mtu aliyapanga akaitwa kabla hajamaliza.

Mimi nilikuwa tayari nimeandika "mandhari ya kuvutia" kwenye simu, niliposikia ananiita bafuni.

"Njoo usome."

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyofunikwa plastiki vizuri kabisa: TAFADHARI USIFUE NGUO BAFUNI. TAULO ZISITOKE NJE YA CHUMBA.

"Umeona?"

Nimeona. Kwa msomaji asiyetoka Kanda ya Ziwa, nieleze. Lugha zetu nyingi za huku hazizitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyozitofautisha, kwa hiyo sauti hizo mbili hupokezana zamu zinavyotaka. Ukifika Dar es Salaam unachekwa kwa hilo kabla hujaweka begi chini. Mama alifundisha Kiswahili shule za msingi kwa zaidi ya miaka arobaini na sehemu kubwa ya maisha hayo aliitumia kuzitenganisha herufi hizo. Kalamu, karamu. Mahali, mahari. Darasa zima, kwa sauti, mpaka kengele. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo nyumbani, kabla ya kula. Na hapo hapo Musoma, upande wa Makoko, ndipo mapadri wa Maryknoll, waliofika mkoani mwaka 1946, walipokuja kuweka chuo cha lugha, wageni kutoka Marekani na kwingineko wakawa wanakuja kujifunza Kiswahili. Sijawahi kukutana na Mdar mmoja anayejua hilo.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye kifungua kinywa. Nikipe haki yake: supu ya sato, chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, na chai ya maziwa iliyochemshwa kweli, siyo ile ya kukupa maji moto na kijifuko cha majani ujitegemee. Meneja akaja mezani kutusalimia. Shikamoo mama, marahaba baba, umelalaje, nimelala salama. Akakaa. Tukaanza za shule, nani yuko wapi, nani kaoa, nani kafa. Katika kupiga soga nikamtajia lile tangazo la bafuni, kwa utani tu.

Akaangua kicheko. "Aisee! Yule kijana wa stesheneri aliyetuchapia, sijui alifundishwa na mwalimu wa UPE!"

Nami nikacheka.

Sikucheka kwa adabu ya kumridhisha mwenyeji. Nilicheka kabisa, kile kicheko kinachotoka kabla hujakiita. Mama alikuwa anamenya yai. Aliendelea kumenya, akaweka maganda yote upande mmoja wa sahani, akala.

Labda kuna wasomaji wadogo hapa wanaolijua neno hilo kwa utani pekee. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na kilichotoka kwenye kikao kile kikaitwa Azimio la Musoma. Mambo yake makubwa yalikuwa mawili. Mwanafunzi wa sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwanza, na walio naye kazini waseme kama anafaa. Na la pili, elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Miaka kumi na miwili ilikatwa kwenye kikao kimoja, katika mji huu huu ambao mimi nilikuwa nauandikia habari za kiyoyozi.

Sasa watoto wote wakiingia darasani, nani atawafundisha? Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa idadi ile kwa muda ule. Jibu likawa kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe huku wakijifunza ualimu hapo hapo vijijini, kwa masomo ya posta na redio na kwa kulelewa na walimu wazoefu, miaka mitatu, kisha waende chuoni wiki chache kumalizia. Wakaja kwa maelfu. Daraja lao likawa IIIC. Jina walilopewa na watu likatokana na kifupi cha Kiingereza cha mpango wenyewe, UPE, na haikuchukua muda jina likageuka kuwa kejeli. Mtu akikosea hesabu ya chenji dukani, UPE. Akiandika "tafadhari", UPE.

Arusha ina azimio lake la 1967, lina mnara na lina makumbusho. Iringa ilipata lake mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, na wazee wakulima bado wanalitaja. La Musoma lilikuja na kubaki kwenye vitabu vya vyuo vya ualimu, na kwenye utani.

Mama alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Mwaka uliofuata akachukuliwa. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Jioni ile nilimpeleka Matvilla, kwenye yale mawe, maana ilikuwa kwenye orodha yangu ya vivutio na nilihitaji picha. Watu walikuwa wanapiga simu zao kuelekea magharibi, jua linazama, kila mtu na jua lake. Mama alikaa juu ya jiwe la chini, ndala pembeni. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaanza kutoka na taa zao.

"Mama, asubuhi ile mezani..."

"Nilikusikia," akasema.

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Kukaa kimya na Mama ni kazi, kwa sababu ni mtu wa kuongea, na ukimya wake una pembe. Baadaye akaanza kusimulia, ila si habari ya asubuhi. Alisimulia darasa lake la kwanza. Watoto tisini na kidogo, chini ya mti, katika kijiji kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu watu wahamishiwe pale kwenye operesheni ya vijiji. Familia yake nayo ilihamishwa mwaka huo huo wa 1974. Wengine kati ya wale wanafunzi walikuwa wamebakiza kidogo kulingana naye umri, na mmoja, mvulana mwenye ndevu zinazoanza, alimwambia yeye hawezi kumwita mwalimu msichana anayemfahamu mama yake. Ubao ulikuwa mmoja, ukiegemezwa kwenye shina. Mvua ikija darasa linakwisha. Mchana anarudi kusoma masomo yake mwenyewe yaliyotoka kwa posta, usiku anaandaa somo la kesho, ambalo mara nyingine alikuwa analielewa saa moja kabla ya watoto.

"Ulikuwa unajua kama unakosea?"

"Nilikuwa nakosea," akasema. "Nilikuwa nafundisha na kukosea. Ulitaka wakae nyumbani?"

Hapo nitasema langu, kwa sababu nadhani ndilo lililonifanya niandike haya hapa badala ya kumaliza ile kazi ya watu. Nilipokuwa chuo kikuu, tulikuwa wanne chumbani, na utani wa UPE ulikuwa sehemu ya mazungumzo ya usiku. Mimi nilikuwa bingwa wao. Nilikuwa na visa vingi kuliko wote, na sauti za kuigiza, na hakuna aliyeuliza nimevitoa wapi. Nilivitoa nyumbani. Vilikuwa visa ambavyo Mama mwenyewe alitusimulia tukiwa wadogo, akijicheka, ili tucheke. Kwenye fomu zangu, nafasi ya kazi ya mzazi, niliandika "mtumishi wa serikali". Si uongo.

Na si kwamba sikujua alivyopambana. Walimu wa daraja lake walipoambiwa wajiendeleze la sivyo, Mama alikuwa na miaka arobaini na nne, mimi kidato cha pili. Tulikuwa tunasoma meza moja, taa moja ya mafuta katikati, yeye akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilimfundisha aljebra. Yeye alinisahihishia insha. Hisabati akafeli, mengine akafaulu ya kutosha, na hatimaye akapanda hadi IIIA. Siku majibu yalipotoka alipika kuku wawili, jambo ambalo halikutokea mimi nilipofaulu.

Siku ya pili tulikwenda Butiama. Unarudi Makutano, unashika barabara ya kwenda Nata na Mugumu, na baada ya muda si mrefu unaanza kupanda kwenye vilima vya mawe. Ukurasa wa hoteli ulihitaji Butiama kuliko kitu kingine. Hakuna mgeni anayelala Musoma bila kuulizwa kama amefika kwa Mwalimu. Niliandika yote yanayopaswa: alizaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mwaka 1934 akaenda kuanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1943 akabatizwa Nyegina, akafia London tarehe 14 Oktoba 1999 na akarudishwa kuzikwa Mwitongo, karibu na wazazi wake. Kuna makumbusho yenye picha na zawadi alizopewa na dunia. Kwa wasomaji wa blogu kama hii ningeongeza kwamba huyu ndiye aliyemleta Shakespeare kwenye Kiswahili mara mbili, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, akiwa na nchi ya kuendesha.

Mama hakuniachia nizunguke kwa mwendo wa mwandishi. Kwenye kaburi alisimama, akasema "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya kawaida, kama anapishana naye njiani. Halafu akaniuliza swali la hesabu.

"Kutoka hapa mpaka Mwisenge kilomita ngapi?"

"Arobaini hivi."

"Na alianza darasa la kwanza ana miaka kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Mimi wa kwangu wa mbali zaidi walitembea nane." Akafikiri. "Alitaka waingie wote. Na waliingia. Ila madawati hakuleta."

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu nasi alimtazama kwa mshangao kidogo, maana pale watu hunong'ona. Mimi nilifurahi. Nimesoma hotuba nyingi za tarehe 14 Oktoba, na ndani ya nyingi Mwalimu hakuwahi kukosea na hakuwahi kumtuma mtu kazi bila vifaa. Mama ndiye aliyetumwa, na alikuwa anamdai kwa heshima zote.

Usiku huo niliandika ukurasa. Huduma nilizimaliza haraka. Kwenye vivutio niliweka Matvilla na kilima cha Mukendo, Butiama, Serengeti kwa kuingilia lango la Ndabaka ukitokea barabara ya Bunda na Mwanza. Nikaweka pia, kwa ubishi wangu, kwamba kutoka Bunda unaweza kwenda Kisorya ukavuka kwa kivuko hadi Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981 bila kukishika kitabu kilichochapwa. Na Ukerewe hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Kezilahabi, tarehe 13 Aprili kama Mwalimu, mwaka 1944. Najua mtalii hatavuka maji kwa ajili ya riwaya. Niliweka.

Kisha nikaandika sentensi moja: "Ni katika mji huu, Novemba 1974, ulipopitishwa uamuzi wa kuwaingiza watoto wote wa Tanzania darasani, na vijana wa darasa la saba waliopewa kazi ya kuwafundisha waliifanya." Nikaifuta. Nikairudisha. Nikaichapisha yote pale mapokezi nikampa Mama aisome, pamoja na kalamu.

Alikaa kitandani na miwani. Aliisoma mara mbili, kama anavyosoma kila kitu. "Masaa 24" alikata, akaandika "saa 24". "Mandhari ya kuvutia" akaiwekea alama ya kuuliza, akaandika pembeni: *yapi?* Palipoandikwa Azimio alinyanyua kalamu, akaisimamisha hewani, akaendelea na mstari uliofuata bila kuweka kitu. Alipomaliza akanipa karatasi. Chini alikuwa ameandika 32/50, na sahihi.

"Thelathini na mbili?"

"Umeandika vizuri. Umezidisha maneno."

Meneja nilimtumia asubuhi. Alijibu tukiwa bado tunafunga mizigo: kazi safi sana kaka, ila hapo kwenye mambo ya 1974 na yule mwandishi wa Ukerewe amepatoa, wageni wanataka picha, na kwenye nafasi hiyo ataweka machweo. Sikubishana. Ni ukurasa wake, na machweo ya Musoma kweli ni mazuri.

Mapokezini tulimkuta binti mmoja, mpole. Mama alirudisha kadi ya mlango, akamshukuru kwa chai, akaeleza lile tundu la chandarua kwamba ameshalishona lakini wanunue kingine. Kisha akainamia kaunta.

"Lile tangazo la bafuni, mwanangu. Herufi ya nane."

Binti akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akafika. Akaweka mkono mdomoni.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Mama hakuwa amemwambia kazi yake.

Kwenye bajaji ya kwenda stendi ya Bweri aliweka kikapu magotini, taulo lake likiwa halijaguswa. Nilitaka tena kusema lile la mezani, nikaanza, "Mama, mimi chuo nilikuwa..." Akanikatiza.

"Rafiki yako amekulipa?"

"Nusu."

"Hiyo nakala yenye masahihisho usimtumie mpaka alete nusu nyingine."